Kichupa Kisicho na Pamba

12 Januari 1993

Mama Mdogo, shikamoo.

Barua yako niliipokea tarehe 8, imelowa kona moja lakini inasomeka yote. Nimefurahi kwamba cherehani imepona, na kwamba binti yako amepata mchumba asiye na maneno mengi. Ukoo wetu ulikuwa unahitaji mtu mmoja wa kusikiliza. Mimi ni mzima. Chumba ni kilekile, dirisha bado linatazama ukuta, na jirani wa juu huburuta kitanda kila asubuhi kama mtu anayehama asihame.

Habari ya donda la Bibi ndiyo iliyoninyima raha. Umesema liko juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto, upana wake kama kifuniko cha chupa ya dawa, na kwamba haliumi. Kwa mgonjwa wa kisukari, donda lisilouma ndilo la kuogopwa. Mama alipofariki ni Bibi aliyenichukua. Siwezi kukaa huku nikisikia habari za mguu wake kama habari za hali ya hewa.

Kila mwaka unaniuliza ninafanya kazi gani humu maabara, na kila mwaka najibu kwamba naosha vyombo. Safari hii nakujibu sawasawa. Kuna bakteria wanaokula pamba, mbao na karatasi. Vitu hivyo vimejengwa kwa selulosi, nayo ni sukari zilizoungwa mnyororo mmoja mrefu, mnyororo ukabanwa na mnyororo mwingine, mpaka hapapiti kitu. Bakteria huyo hana meno. Hutoa nje protini yenye sehemu mbili: moja ni mkasi, nyingine ni mkono. Mkono haukati chochote. Kazi yake ni kushika uzi ili mkasi usichukuliwe na maji. Upande wake mmoja ni bapa, na hapo pamepangwa vibapa vitatu kwa mstari. Kila kimoja hulala juu ya sukari ya uzi kama sahani juu ya sahani. Hakuna gundi. Ni kulaliana tu, lakini ukiuosha kwa maji mara kumi haubanduki.

Mkuu wetu wa maabara, ambaye sisi wafanyakazi humwita Miwani kwa kuwa anazo tatu na zote huzitafuta, ameuondoa mkasi. Mahali pake ameunganisha protini nyingine inayoua vijidudu vya usaha. Mkono unashika uzi wa shashi, muuaji anabaki palepale juu ya donda, haondolewi na majimaji.

Nimekutumia bandeji saba za shashi hiyo. Ni mabaki ya majaribio, hakuna atakayeziulizia. Safisha donda, funga, halafu usifungue kabla ya siku kumi. Ukifungua kila siku utamfukuza mlinzi aliyekwisha kukaa mlangoni. Muuguzi wa zahanati atabisha. Mwache abishe.

Nisalimie wote, na Bibi umwambie mjukuu wake hamsahau.

Mwanao.


4 Februari 1993

Bwana Tarehe, marahaba mwanangu.

Kifurushi kimefika salama, kimefungwa vizuri kuliko sisi tunavyofunga maiti. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa macho na mara ya tatu kwa sauti ili Mama, bibi yako, asikie. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Yaani miaka yote ile mume wangu alikuwa shule akijifunza kunifunga kamba?" Nikamwambia ndiyo, na amefaulu. Anakusalimu. Anasema ukonde usikonde, ule.

Huku tu wazima, kazi ni nyingi. Nina sare themanini za shule na mikono miwili. Mchumba wa binti alikuja Jumapili, akakaa saa tatu, akasema maneno manne. Niliyahesabu.

Tulifunga bandeji ya kwanza tarehe 27 Januari. Leo ni siku ya nane. Muuguzi wa zahanati hakupenda. Yeye alikuwa akimwosha Mama kila siku kwa maji ya chumvi, na donda, kusema kweli, lilikuwa limesimama, halikui wala halipungui. Nikamwambia kwetu yuko msomi. Akauliza msomi gani, daktari? Nikasema anafanya kazi na madaktari. Akafunga begi lake.

Sasa nina swali la fundi cherehani. Mtu akiniletea kitambaa kilichotiwa rangi, siamini maneno yake. Nakata kipande, nakifua. Rangi ambayo haikushika uzi, maji ya kwanza yanaisema. Wewe shashi yako uliifua kabla ya kututumia? Uliona kwamba kilichomo kimebaki?

Jambo jingine ni kwamba panatoa harufu kidogo. Si mbaya sana. Mama anasema ni mimi.

Mama Mdogo wako.


20 Februari 1993

Mama Mdogo, shikamoo.

Nimecheka sana habari ya maneno manne. Mwambie binti asimwache huyo. Hapa tumepakwa rangi maabara nzima, kwa hiyo tumefanya kazi wiki moja tukinuka kama fanicha mpya. Nimepata kikohozi, kimepita.

Umeuliza kama inashika. Nakujibu kwa namba. Tunatia protini kwenye kichupa chenye maji na pamba iliyosagwa, tunakitikisa saa nzima juu ya barafu, halafu tunakizungusha kwa mashine kwa kasi kubwa. Pamba inazama pamoja na kila kilichoishika. Tunapima maji ya juu: kilichopungua humo ndicho kilichoshika. Katika kila protini mia, zinapungua themanini na moja. Na ili mtu asijidanganye, panakuwa na kichupa kingine kisicho na pamba. Humo protini haina cha kushika, kwa hiyo yote hubaki juu. Nimeyapima haya mwenyewe na kuyaandika mwenyewe. Daftari langu la maabara halina nafasi hata moja iliyoachwa tupu. Miwani humwonyesha kila mgeni.

Harufu ni ya kawaida. Ni vijidudu vinavyokufa. Mtu akiua panya ukutani lazima ainuse siku mbili tatu. Usiogope, na usifungue kabla ya siku zake. Kama Bibi atalalamika, mwambie ni amri ya mumewe.

Mwanao.


14 Machi 1993

Mwanangu,

Hatujambo, ila Mama hayuko vizuri. Sina salamu ndefu leo, utanisamehe.

Nimefuata maneno yako yote. Bandeji ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kila moja siku kumi. Nilipofungua ya nne donda lilikuwa limekuwa kama kiganja changu, pembeni kijani, katikati jeusi. Nilikuwa na barua yako mkononi kuhusu panya wa ukutani. Nikaisoma tena, nikafunga ya tano. Hiyo ilikuwa tarehe 8. Leo ni siku ya sita.

Ana homa. Anaongea na dada yangu, marehemu mama yako, anamwambia afunge mlango. Harufu si ya kidogo tena; mteja aliyeleta kitambaa jana aliniambia atarudi, naye alikuwa amekwisha kukaa. Muuguzi wa zahanati alikuja bila kuitwa, akataka kufungua. Nilimwonyesha barua yako. Akaisoma, akaniuliza kama huyu aliyeiandika amewahi kuliona donda hili. Nikamjibu vibaya. Ameondoka na sidhani atarudi.

Nifungue au nisubiri tarehe 18? Nijibu upesi.

Mama Mdogo wako.


11 Aprili 1993

Mama Mdogo, shikamoo.

Natumaini barua hii inawakuta katika hali nzuri. Mimi sijambo. Hapa mvua imechelewa, na walioanza kulalamika juu ya joto sasa wanalalamika juu ya vumbi. Jirani wa juu amehama kweli safari hii. Amekuja mwingine mwenye saa ya ukutani inayogonga robo saa zote. Pale kazini tumepata mashine mpya ya kuzungusha, ina matundu mengi zaidi ya ile ya zamani. Binti anaendeleaje na mchumba wake? Sare za shule umemaliza?

Barua yako niliipokea tarehe 30 Machi. Nilikuwa na kazi.

Kuhusu Bibi: ni vizuri sasa mbadilishe kila siku. Tumieni bandeji za zahanati na maji ya chumvi kama alivyokuwa akifanya yule muuguzi. Zile za kwangu ziwekeni kando. Kama homa ipo, mpelekeni hospitali, msingoje.

Namtumia Bibi ndara za mpira laini, namba tano, zisimkwaruze.

Mwanao.


29 Aprili 1993

Mwanangu, marahaba.

Huku salama. Sare nilimaliza. Binti na mchumba wake wameweka siku, kisha wameiondoa, wataweka nyingine. Cherehani imeanza tena kuruka mishono.

Mama anakushukuru kwa ndara. Ya kulia imemkaa vizuri.

Nami nina swali, na safari hii sitaki namba. Ulisema siku kumi. Sasa unasema siku moja. Mimi nikibadili kipimo nguo ikiwa katikati, mwenye nguo ana haki ya kuniuliza kwa nini, nami siwezi kumjibu kwa habari za mvua. Kwa nini?

Mama Mdogo wako.


20 Mei 1993

Mama Mdogo,

Umeandika "ya kulia". Nimeisoma sentensi hiyo siku tatu. Donda lilikuwa mguu wa kushoto. Sikuulizi, kwa sababu nimeelewa, na kwa sababu sina haki ya kuuliza kitu kabla sijajibu.

Unajua nina daftari la siku, tangu kidato cha pili, ndiyo maana mkanipa jina. Hakuna mtu alisomaye. Nanakili humu maneno yaliyomo bila kuyapamba.

"26 Februari. Mashine mpya imeanza kazi. Matundu yanatosha, nimeweka vichupa vyote, hata visivyo na pamba. Matokeo: chenye pamba, zimepungua 81. Kisicho na pamba, zimepungua 80. Nimerudia. Zimepungua 82."

"27 Februari. Nimerudia mara nne. Ni hivyohivyo. Haishiki. Inazama yenyewe."

Nieleze. Mashine ya zamani ilikuwa na matundu ishirini na manne ya kuwekea vichupa. Sampuli zilipoongezeka, vichupa visivyo na pamba vikakosa nafasi. Kwa miaka miwili vilikuwa vimetoa jibu lilelile, protini yote juu, kila mara. Mwezi Novemba nikaacha kuviweka. Lakini daftari la maabara lina mstari wake, na mimi siwezi kuona mstari mtupu. Nikaujaza kwa namba za zamani. Sikuona kama ni uongo, niliona ni usafi.

Namba za zamani zilikuwa za mkono ukiwa peke yake. Ule unashika kweli. Walipouunganisha na muuaji wa vijidudu, protini nzima ilianza kujikunja vibaya na kugandamana vidonge vidogo visivyoonekana. Vidonge huzama mashine ikizunguka, pamba iwepo isiwepo. Mimi nilitazama maji ya juu, nikaona vimepungua, nikasema vimeshika. Kwenye shashi vilikauka tu kama vumbi, na vikiwa hivyo haviui kitu. Ungeifua mara moja kama ulivyosema, ungejua.

Naendelea kunakili.

"28 Februari. Nilikwenda posta kutuma telegramu. Nilisimama kwenye foleni. Nilipofika dirishani nikanunua stempu."

"5 Machi. Sijamwambia Miwani. Nikimwambia ataliomba daftari la maabara, na atauliza pia bandeji saba zimekwenda wapi. Sikumwomba. Si mabaki."

"30 Machi. Barua ya Mama Mdogo. Anauliza afungue au asubiri."

"11 Aprili. Nimeandika."

Mwezi mmoja na nusu, Mama Mdogo. Telegramu ingefika siku ya pili. Niliogopa kupoteza kazi. Hakuna sababu nyingine niliyoificha nyuma ya hiyo.

Nitamwambia Miwani. Nimejiwekea tarehe mbili, zote zimepita. Mwezi ujao anataka kupeleka bandeji hizi wodi ya majeraha.

Niambie hali ya Bibi.

Mwanao.


6 Juni 1993

Umeniomba hali ya Bibi yako. Alikatwa mguu tarehe 22 Machi, juu ya goti. Alifariki tarehe 12 Mei, Jumatano, saa nne asubuhi, nikiwa nampa uji. Tulimzika siku ya pili yake.

Telegramu ya msiba sikuituma. Ndugu waliniuliza, nikawaambia nimetuma, na kwamba kazi zako ni za watu wakubwa, pengine hukuruhusiwa. Nilikuwa nimekuuliza kwa nini, na nilitaka jibu lije kabla yako. Ungekuja ukalia kaburini, ningekukumbatia, na nisingekuuliza tena maisha yangu yote. Najijua.

Barua yako ilifika Alhamisi, tarehe 3. Sikupata muda wa kulia. Zilibaki bandeji mbili, unakumbuka, maana tulitumia tano. Baada ya mguu kukatwa niliona ni dhambi kutupa dawa nzuri. Nilijiambia donda la Mama lilikuwa limekwisha kuharibika kabla. Ukasema tuziweke kando, hukusema kwa nini. Katikati ya Mei fundi viatu wa mtaa wetu, yule anayekaa mbele ya duka la vifaa, aliungua kiganja cha kulia kwa chuma cha moto. Nikampa. Nikampa na maelekezo yako, neno kwa neno, siku kumi.

Niliisoma barua yako nimesimama, nikaiacha mezani, nikaenda. Nilimkuta anapiga msumari kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia afungue. Akasema bado siku tatu. Nikafungua mimi, pale barabarani, watu wakiangalia. Tukamchukua kwa muuguzi wa zahanati. Alipoona ile shashi alinitazama mimi, kisha akaanza kuosha kiganja. Kidole cha mwisho hakina uhai. Cha pili yake atakiangalia kila siku. Ni mtu anayekula kwa mkono huo.

Fundi viatu aliniuliza kitambaa kile nilikipata wapi. Nikamjibu kwa mwanangu. Akasema, "Basi alikutakia mema."

Unasema umejiwekea tarehe. Mimi sina daftari, lakini hili naliandika: usiniletee barua nyingine kabla hujamwambia huyo mkuu wako. Wodi nzima, umesema. Kuna mama za watu humo.


25 Juni 1993

Mama Mdogo, shikamoo.

Barua yako niliipokea tarehe 21, Jumatatu, saa tano. Saa tano na nusu nilikuwa mlangoni kwa Miwani.

Nilikuwa nimefikiri nitaanza mbali. Nilianza na Bibi. Nilisema: bibi yangu amekufa kwa bandeji zetu, nilizichukua bila ruhusa, na namba za vichupa visivyo na pamba tangu Novemba si za kweli. Alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini, akaniambia nirudie hilo la mwisho. Nikarudia. Akasema hilo la kwanza ndilo alilotaka nirudie lakini hawezi kulisikia mara mbili.

Akanipeleka kwenye mashine. Alivaa koti, akapima mwenyewe, mimi nikimpa vichupa. Alitia vinne vyenye pamba na vinne visivyo na pamba. Tulivitikisa saa nzima. Matokeo yalipotoka alikaa kwenye kiti cha mfagiaji. Alisema mkono hauna kosa, ukiachwa peke yake unashika kama ulivyoumbwa. Ni sisi tuliouongezea mzigo, tena hatukutazama. Alisema "hatukutazama". Nilimwambia aliyepaswa kutazama ni mimi. Akajibu kwamba kwa miaka tisa alikuwa akiniamini kuliko mashine, na hilo ni kosa lake, naye atalieleza kwa mdomo wake.

Bandeji arobaini zilikuwa zimekwisha kufungwa kwenye sanduku la wodi. Zilikuwa ziondoke Jumatano. Tulizitoa moja moja, nikazihesabu, tukazichoma nyuma ya jengo. Wenzangu walisimama madirishani. Nadhani walifikiri ni taka.

Nimepewa barua ya kuachishwa kazi. Mwisho wa mwezi ni siku ya mwisho. Nimeulizwa nani mwingine alifungwa bandeji hizo, nikamtaja fundi viatu, na wameandika. Sijui watamfanyia nini. Nilisema nitakwenda kwake mwenyewe.

Sijui kama naweza kuja. Sikuandika hilo ili unihurumie. Nauliza tu, na ukikaa kimya nitaelewa.

Mwanao.


12 Julai 1993

Mwanangu, marahaba.

Hatujambo. Kidole kile cha pili kimepona. Cha mwisho kilikatwa wiki iliyopita. Fundi viatu amerudi kazini, ila viatu vya watoto amekataa, anasema sindano ndogo hazimkai tena. Nimemwambia utakuja. Aliendelea kushona.

Nimekaa na barua yako wiki nzima, nami nina jambo ambalo sikuliandika. Katika ile barua ya Machi nilikwambia nimefuata maneno yako yote. Sikukwambia niliyafuata vipi.

Tarehe 12 Machi, siku ya nne ya bandeji ile ya tano, Mama alianza kuifungua mwenyewe. Akili zilikuwa zake wakati huo, hazikuwa za homa. Aliniambia kwa utaratibu, kama anavyoniambia nipunguze chumvi: "Nifungue, mwanangu, mguu unaoza." Nikamwambia bado siku sita. Akasema mguu ni wake. Akaingiza kidole chini ya shashi. Nikamshika mikono. Alikuwa hana nguvu, unajua alivyokuwa amekonda, lakini alipigana nami, na mimi nilimshinda mama yangu. Halafu nikalihamishia fundo la bandeji nyuma, chini ya shavu la mguu, nikalishona kwa uzi wa jinzi ili asilifikie. Nilishona vizuri. Daktari wa upasuaji alihitaji mkasi mkubwa.

Hakunilaani. Alilala, akageukia ukutani, na tangu siku hiyo hakuniomba kitu tena, hata maji. Mpaka tarehe 12 Mei nilikuwa nampa bila yeye kuomba.

Kwa hiyo nilipokuuliza kwa nini, nilitaka uniambie ni wewe. Umeniambia. Kosa langu halikupungua hata punje.

Ndugu wanakutana Jumamosi tarehe 31 kumaliza mambo ya marehemu. Wote wanasema ni kazi ya Mungu, na muuguzi wa zahanati, ambaye angeweza kusema, amekaa kimya kwa heshima. Njoo siku moja kabla. Asubuhi tutakwenda kwa fundi viatu, wewe utangulie kuongea. Kisha tutakuja nyumbani, mbele ya wajomba zako wote na binti na mchumba wake. Utasema yako mpaka mwisho, nao watakuchukia, nami sitakutetea. Ukimaliza usikae. Subiri nisimame na mimi.

Mama Mdogo wako.